Ngazi Mbili Katika Merikebu Moja



Msafiri akirudi kwao huulizwa: "Umeona nini huko?" Hata sisi, tuliporudi Kindu kutoka Ulaya, majirani walikuja barzani kwetu jioni ile ile, wakaketi, wakatuuliza. Tuliwapa habari za baridi, za magari-moshi yasiyochelewa, na za wajukuu wetu wanaoogopa pilipili. Lakini jambo moja hatukuwaambia, maana lilitugusa sisi wenyewe. Nao kwa adabu hawakutuuliza mengi, ijapokuwa baada ya majuma machache waliona badiliko katika nyumba yetu, wakastaajabu. Leo tumeona ni vema kuwajibu, wao na ninyi pamoja. Ni habari ya merikebu moja kubwa, jinsi ilivyogawanywa ndani, na jinsi ilivyotulazimisha kuitazama nyumba yetu kwa macho mengine.

Mwana wetu wa kwanza anakaa Antwerpen, mji wa bandari katika Ubelgiji. Alituita sisi wawili, mume na mke, tukamwone pamoja na jamaa yake. Tulipokwisha kupumzika siku mbili alituuliza: "Wazazi wangu, mngependa kuona nini?" Tukajibu bila kufikiri: "Merikebu za Kongo."

Watu wa rika letu wataelewa. Wazazi wetu walisimulia sana habari za merikebu zilizotoka Antwerpen mpaka Matadi. Ziliitwa kwa majina ya miji yetu, kama ilivyoitwa wakati ule: Albertville, Jadotville, Baudouinville, Charlesville. Siku hizi miji hiyo ni Kalemie, Likasi, Moba na Djokupunda. Tulidhani tutaikuta hata moja imefungwa gatini, imezeeka kama sisi.

Mwana wetu alitikisa kichwa. Akasema, zote zimekwisha. Iliyodumu kupita wenzake ni Charlesville, iliyoanza kazi mwaka 1951. Mwaka 1967 iliuzwa kwa Ujerumani ya Mashariki, ikapewa jina jipya la Georg Büchner, ikawa shule ya mabaharia katika bandari ya Rostock. Mwaka 2013, ilipokuwa ikikokotwa katika bahari ya Baltiki, ilizama. Tulinyamaza kidogo, kama watu waliopewa habari ya msiba wa jirani wa zamani.

"Lakini msihuzunike," akasema. "Katika Uholanzi, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari-moshi, iko merikebu ya wakati ule ule. Haisafiri tena. Watu hulala ndani yake kama katika hoteli. Nitawapeleka, tulale usiku mmoja."

Basi ndivyo tulivyopata kuwa abiria wa merikebu isiyokwenda popote.

*Umbo lake kwa nje*

Merikebu hiyo inaitwa Rotterdam, jina la mji ulioiunda, nayo imefungwa katika mji huo huo, mahali paitwapo Katendrecht, ambapo nchi imeingia majini kama ulimi. Tuliiona kwa mbali. Tumbo lake ni la rangi ya kijivu, na juu ni nyeupe. Urefu wake ni mita 228, na upana wake karibu mita 29. Mtu akitaka kuufahamu urefu huo, na apange viwanja viwili vya mpira, kimoja baada ya kingine, merikebu itavipita.

Jambo la kwanza tuliloliona ni dohani. Sisi tuliozoea picha za merikebu za zamani tulitafuta dohani kubwa katikati, wala hatukuiona. Badala yake mabomba mawili membamba yamesimama bega kwa bega, nyuma kuelekea tezi. Mzee mmoja Mholanzi, aliyekuwa akiwaongoza wageni, alitueleza sababu, na mwana wetu akatufasiria. Waundaji waliiweka mitambo nyuma, ili moshi usiwasumbue abiria, na ili sehemu ya katikati, iliyo nzuri kupita zote, wapewe watu badala ya mashine. Siku zile lilikuwa jambo geni kwa merikebu ya namna hii.

Mzee yule alituambia pia habari za mji wake. Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Wajerumani ziliuangushia mabomu, na katikati yake pakateketea. Watu waliotoka katika majivu yale ndio walioiunda merikebu hii. Malkia Juliana aliishusha majini tarehe 13 Septemba 1958, nayo ikaanza safari yake ya kwanza kwenda New York tarehe 3 Septemba 1959, akiwamo binti yake Beatrix, aliyekuja kuwa malkia baadaye. Hatukushangaa basi kumwona mzee akiugusa ukuta wa merikebu kama mtu anavyogusa bega la mtoto wake.

Lakini waundaji wake walikuwa na hofu moja. Mwaka ule ule wa 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka bahari ya Atlantiki na abiria. Walijua ya kuwa siku zinakuja ambapo mtu hatakubali tena kukaa juma zima majini ili afike Amerika. Kwa hiyo waliunda merikebu yenye kazi mbili: kuvusha wasafiri wakati wa kazi, na kuwatembeza wenye nafasi wakati wa mapumziko. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na busara yao iliiponya merikebu. Ilifanya matembezi duniani hadi mwaka 1997. Kisha iliuzwa, ikaitwa Rembrandt, ikaendelea mpaka mwaka 2000. Baadaye ilikaa bure, ikingoja kuvunjwa au kuokolewa. Watu wa kwao waliirudisha tarehe 4 Agosti 2008, na tangu mwaka 2010 ni hoteli na mahali pa kuonyesha mambo ya kale.

*Vyumba vya watu wote*

Tulipewa chumba chenye dirisha la duara. Kitanda, meza na taa vyote vilikuwa vya mtindo wa wakati ule, miti iliyong'arishwa na pembe zilizoviringwa, hata tukajiona kama tumerudi katika ujana wa wazazi wetu. Tuliweka mizigo, tukatoka kutembea.

Ndugu wasomaji, merikebu kama hii si chombo, ni mji. Ina njia zake, viwanja vyake, na mahali pa kukutania. Mtu akitoka chumbani huingia katika njia ndefu nyembamba, milango huku na huku, hata adhani amepotea. Lakini akipanda juu, ghafula nafasi hufunguka.

Tuliingia katika ukumbi uitwao Ritz-Carlton. Umechukua ghorofa mbili. Kutoka roshani yake ngazi inashuka kwa kupinda, polepole, ili mwanamke mwenye nguo ndefu aweze kushuka akionekana na watu wote. Ukutani mna picha kubwa mno, na katikati sakafu ya kuchezea dansi. Kisha tuliona chumba kiitwacho Ambassador, na chumba cha wavuta tumbaku, chenye viti vizito na ukimya mwingi. Tuliona ukumbi wa sinema wenye roshani, kama katika mji wowote mkubwa. Tuliona vyumba viwili vya kulia, kimoja kinaitwa La Fontaine na cha pili Odyssee. Na nyuma, mahali pa wazi, pana bwawa la kuogelea. Watu hawa walikuwa na bahari nzima chini yao, wakachukua maji mengine juu!

Kila mahali tuliona jambo moja: hakuna ukumbi unaofanana na mwenzake. Huu ni wa kelele, ule wa ukimya. Huu wa wazee, ule wa vijana. Huu wa kuonekana, ule wa kujificha. Aliyepanga vyumba hivi aliwajua wanadamu. Alijua ya kuwa watu waliofungwa pamoja siku nyingi huchokana, nao wanahitaji mahali pa kukimbiliana. Tukaambiana: laiti nyumba zetu nazo zingekuwa na kona moja ya baba anayetaka kusoma, na kona moja ya watoto wanaotaka kupiga kelele!

Tulijuta baadaye kwamba tuliitaja nyumba yetu mapema namna ile.

*Ngazi yenyewe*

Mzee yule alitupeleka mwisho kwenye ngazi kuu, katikati ya merikebu. Alisimama, akatuuliza: "Mnaona ngazi ngapi?"

Tukatazama. Tukajibu: "Moja."

Akacheka kwa furaha, kama mtu ambaye hakuna aliyewahi kulijibu swali lake sawasawa. Akasema: "Ziko mbili."

Akatuonyesha. Kweli ni ngazi mbili zilizosukwa pamoja katika nafasi moja, kama nyuzi mbili za kamba. Hii inapanda ikipita juu ya ile, na ile inapita chini ya hii. Katika kila ghorofa mlikuwa na vibao vya ukuta vinavyosogezwa. Merikebu ilipokwenda New York ilikuwa na madaraja mawili ya abiria: daraja la kwanza, na daraja la chini lililoitwa la watalii. Hapo vibao vilifungwa. Mtu wa daraja la chini alipanda na kushuka siku zote katika ngazi yake, na mtu wa daraja la kwanza katika ngazi yake, wala hawakuonana. Walitengwa na unene wa ubao tu. Lakini merikebu ilipokwenda kwa matembezi, kila abiria alikuwa wa daraja moja. Basi vibao vilifunguliwa, na ngazi zote mbili zikawa za wote.

Mwana wetu alisema akili hiyo ni ya zamani. Katika Ufaransa, katika jumba la mfalme la Chambord, lililojengwa katika karne ya 16, iko ngazi ya mawe iliyosukwa hivyo hivyo; mmoja anaweza kupanda na mwingine kushuka wasikutane.

Tuliisifu sana kazi ile. Lakini hapo hapo moyo wetu ulichafuka, kwa sababu ya kumbukumbu.

Baba yetu, marehemu, alikuwa msaidizi wa mpishi katika mashua ya moshi, hapo kwetu kwenye mto Lualaba, kati ya Kindu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Ilikuwa katika miaka ya 1950. Alitusimulia mara nyingi jinsi safari zile zilivyokuwa. Wazungu walikaa juu, penye vyumba na barza yenye viti vya kamba. Watu weusi walikaa katika matishari, ndiyo mashua makubwa yasiyo na mitambo, yaliyofungwa ubavuni, pamoja na mifuko ya mchele na mapipa ya mafuta ya mawese. Kati ya juu na chini palikuwa na ngazi moja ya chuma. Baba aliipanda mara arobaini kwa siku, sahani mikononi, lakini hakupata hata mara moja kuketi kule juu. Alikuwa akimaliza masimulizi yake kwa maneno yale yale: "Mto ulikuwa mmoja. Mamba walikuwa wale wale. Kama tungalizama, tungalizama sote."

Tukamwambia mwana wetu habari hii ya babu yake pale pale penye ngazi, na sauti zetu zilipanda. Tukasema: tazama jinsi watu walivyotumia akili nyingi namna hii, wakata miti, wapima vipimo, ili mtu asimwone mtu! Tazama, fundi hodari ametumia ustadi wake kuficha ukuta!

Mwana wetu hakujibu. Alikuwa akiitazama sakafu.

*Maneno ya mwana wetu*

Jioni tuliketi kula. Madirisha yalionyesha taa za mji juu ya maji. Tulikuwa tumeagiza samaki. Ndipo mwana wetu aliposema, kwa heshima, bila kuinua macho: "Baba, Mama, naomba mnisamehe neno nitakalosema. Nilipokuja nyumbani miaka miwili iliyopita, nami niliona ngazi mbili."

Tukamwuliza maana yake, ijapokuwa tulikwisha kuijua.

Hapa, wasomaji wapenzi, yatupasa kuwaambieni jambo tulilokuwa tukilificha. Katika nyumba yetu yumo binti wa marehemu ndugu yetu mdogo. Alikuja kwetu akiwa na miaka sita, siku tulipotoka kumzika baba yake. Mama yake alikuwa ametangulia. Tulimpokea mbele ya ukoo wote, tukasema: "Huyu ni mtoto wetu." Maneno yalikuwa ya kweli siku ile. Lakini miaka ilipita, na mambo yalisogea polepole, kama ubao unavyosogezwa, bila mtu kusikia sauti. Kwanza alilala na binti yetu wa mwisho, aliye rika lake. Kisha binti yetu alitaka nafasi, basi yeye tukamhamishia katika stoo karibu na jiko. Kwanza alikula nasi. Kisha, kwa kuwa ndiye aliyepika bukari na kuteka maji, ikawa anakula baadaye, jikoni, kilichobaki sufuriani. Alipita mlango wa nyuma. Hakuna aliyemkataza mlango wa mbele. Hakuna aliyemkaribisha pia.

"Nilimwuliza yuko darasa gani," mwana wetu akasema. "Aliniambia amemaliza la sita, akaacha. Nami nilikuwa nikituma malipo ya shule ya watoto wawili."

Hatukuwa na jibu. Fedha ile tuliipokea kila mwaka. Ya binti yetu tuliilipa sekondari. Ya binti wa ndugu yetu tulisema tutaikopa mwezi mmoja tu; na kwa mkopo huo tulinunua saruji ya sebule, kisha mapazia, kisha viti vinne vikubwa vya mito, vyekundu, pamoja na meza ya kioo. Sebule yetu ilikuwa nzuri. Wageni waliisifu. Watoto walikatazwa kuingia. Yule binti aliingia asubuhi tu, kufuta vumbi.

Mtu mzima kuaibishwa na mwanawe ni jambo chungu. Kwa desturi zetu angalitumia mjomba au rafiki wa baba kulisema neno kama lile. Tulitaka kumkemea. Tulitaka kusema: wewe unakaa Ulaya, hujui maisha yalivyo magumu huku. Lakini tulikuwa tumetoka sasa hivi kupaza sauti kwa ajili ya ubao wa Waholanzi, ambao wenyewe walikwisha kuufungua zamani. Tungesema nini?

Samaki wetu alipoa sahanini.

Usiku ule hatukulala upesi. Merikebu haikutikisika; maji ya bandari ni shwari. Katika giza tulihukumiana kwanza, kila mmoja akimtupia mwenzake kosa. Mama alisema, "Ni wewe uliyetaka viti." Baba akasema, "Ni wewe uliyemhamishia stoo." Hata mwisho tulinyamaza, kwa maana tuliona ya kuwa kila mmoja alisukuma ubao upande wake. Ndipo tulipomkumbuka mzee wetu wa Lualaba na ngazi yake ya chuma. Binti huyu ni mjukuu wake, kama walivyo watoto wetu. Babu alipanda na sahani, asiruhusiwe kuketi. Mjukuu naye anabeba sahani. Tofauti ni kwamba sasa wanaokaa juu ni sisi.

Asubuhi tulishuka kuona mitambo. Ni chini sana, ngazi za chuma, mabomba mazito, matanuri ya kuchemshia maji, na mitambo ya mvuke iliyozungusha mapanga mawili nyuma ya merikebu. Tulifikiri juu ya watu waliofanya kazi pale kwa zamu, usiku na mchana, wasiouona ule ukumbi wa dansi. Bila wao taa za juu zingezimika. Mzee aliyetuongoza alisema jambo moja ambalo tulilitia moyoni. Tulimwuliza kama ilikuwa vigumu kuvifungua vibao vya ngazi merikebu ilipobadili kazi. Akajibu: "Hapana. Viliundwa vifunguke. Ilitakiwa tu mtu aamue."

*Nyumbani*

Tulirudi Kindu. Siku ya kwanza hatukusema neno. Tulikuwa wageni katika nyumba yetu. Siku ya pili tulimwita binti yule sebuleni. Alikuja na kitambaa cha kufuta vumbi mkononi, akidhani ndiyo kazi aliyoitiwa. Tulimwambia aketi. Hakuketi. Tulimwambia mara ya pili, akaketi pembeni mwa kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua.

Tulimweleza mambo ya fedha. Hatukuficha kiasi wala miaka. Kumwomba msamaha mtoto si desturi ya wazee wetu, wala ulimi wetu haukuizoea kazi hiyo. Tulikwama mara mbili. Yeye hakulia wala hakufurahi. Alisema tu: "Ndiyo, Baba mkubwa. Ndiyo, Mama mkubwa." Kisha akauliza kama anaweza kwenda, maana maharagwe yalikuwa motoni.

Juma lile tuliviuza vile viti vinne na meza ya kioo. Hatukupata hata nusu ya fedha tuliyonunulia, lakini ilitosha malipo ya mwaka, sare, madaftari na kitanda. Tulimwandikia mwana wetu, tukamhesabia kila kitu. Ndiyo sababu, enyi majirani, mlipokuja siku ile mlikuta sebule yetu ina benchi la mbao na mikeka, mkajiuliza kama tumefilisika. La, hatukufilisika. Tumelipa deni.

Wala msidhani ya kuwa mambo yalinyooka kwa siku moja. Binti yetu wa mwisho alinuna kwa sababu ya kugawana tena chumba chake. Tulilazimika kumpa zamu yake ya kuteka maji, akalalamika ya kuwa mikono yake inauma. Na yule mwenzake amekwisha kupoteza miaka miwili; darasani anakaa na watoto wadogo kuliko yeye, na wengine humcheka. Miaka hiyo hatuwezi kumrudishia. Ukuta hufunguliwa kwa siku moja, lakini mtu aliyekaa nyuma yake siku nyingi hatoki kwa siku moja.

Mezani pia ilikuwa hivyo. Alikaa karibu na mlango. Alingoja kila mtu achukue, kisha alipewa sahani yake, akala haraka, akainuka kuosha vyombo kabla hatujamaliza. Tulimwambia mara nyingi: "Kaa." Alikaa kwa utii, na utii si sawa na kukaa nyumbani kwako. Majuma yalipita.

Halafu jioni moja mwezi uliopita tulikuwa tukila bukari, sombe na samaki wa mto. Watoto walikuwa wakibishana juu ya mwalimu fulani. Binti yule alikuwa akicheka pamoja nao. Na katikati ya kicheko, bila kungoja kupewa, alinyosha mkono, akachagua kipande cha samaki kilicho kikubwa, akakiweka katika sahani yake, akaendelea na maneno yake. Binti yetu akapiga kelele: "Hicho kilikuwa changu!" Yeye akajibu: "Umechelewa."

Sisi wawili tulitazamana, tukainamisha vichwa ili watoto wasione nyuso zetu.

Ndugu wasomaji, wengi wenu hamtafika Rotterdam, wala si lazima. Zungukeni tu katika nyumba zenu wakati wa jioni, polepole, kama wageni wanaoonyeshwa merikebu. Tazameni nani anapita mlango gani. Tazameni nani analala wapi, nani anakula lini, na chumba kizuri kinangoja nani. Mkiona ngazi moja tu, ulizeni tena, kama tulivyoulizwa sisi.

Kwa herini.